Tope la Mtoto

Swali ninalotaka tulikalie kitako leo linaweza kuonekana dogo, tena la kitoto. Ni hili: je, ni halali kumfundisha mtoto jambo lisilo kweli kwa sababu tu ni mtoto? Wapo watakaodakia mara moja, "La hasha!" Wapo watakaosema, "Ah, inategemea." Mimi nisingependa tulijibu likiwa bado linaelea hewani, maana huko hewani kila mtu ni mwema. Tulishushe chini mpaka darasa la tatu, kipindi cha sanaa, watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati, mwalimu kasimama na chaki, na ubaoni pameandikwa: "Rangi za msingi ni tatu: nyekundu, manjano na buluu. Rangi nyingine zote hupatikana kwa kuchanganya hizi."

Karibu kila aliyepita shule anaijua sentensi hiyo. Tumeikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha, na kwa kweli ina utamu wake: mama watatu, na kila wawili wakikutana wanazaa. Buluu na manjano, kijani. Nyekundu na manjano, chungwa. Nyekundu na buluu, zambarau. Inaandikika vizuri kwenye mtihani. Inasahihishika upesi. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba haisemi kweli.

Usiniamini mimi. Tafuta ukurasa wa gazeti wenye picha ya rangi, utazame pembeni kabisa, karibu na ukingo. Mara nyingi utakuta alama nne ndogo zimepangwa: samawati, pinki kali ambayo wachapaji huiita majenta, manjano, na nyeusi. Hizo ndizo aina nne za wino zilizochapa picha nzima, pamoja na wekundu wa jezi ya yule mchezaji anayeshangilia. Itazame jezi ile kwa kioo cha kukuzia. Huoni wino mwekundu! Unaona vidoti vya majenta na vidoti vya manjano vimelaliana. Kumbe nyekundu, ambaye tuliambiwa ni mama, naye ana wazazi wake. Haya, sasa washa televisheni, lowesha ncha ya kidole, gusa kioo chake kidogo ibaki chembe ya maji. Chembe ile inakuza, na ndani yake utaona vijidoti vya nyekundu, kijani na buluu. Pale penye sura ya manjano hamna manjano hata kidogo. Ni nyekundu na kijani zimewaka pamoja. Huko kijani ndiye mama, na manjano ndiye mtoto. Mtambo wa kuchapa una watatu wake na mweusi wa kuwasaidia, televisheni ina watatu wake, ubao wa darasa la tatu nao una watatu wake, na hawa wa ubaoni ndio dhaifu kuliko wote.

Sababu yenyewe si ngumu, wala haihitaji kidato cha sita. Rangi tunayopaka hufanya kazi ya kumeza mwanga. Mwanga wa jua umebeba kila kitu. Rangi nyekundu inameza buluu na kijani, inakurudishia wekundu. Rangi ya buluu ya dukani, yenyewe, inameza wekundu na sehemu kubwa ya kijani. Ukiwatia hao wawili katika kibati kimoja, huyu anameza kile alichobakiza yule, na yule anameza cha huyu, na kinachorudi machoni ni kidogo mno. Ndiyo maana ukichanganya nyekundu na buluu ya maduka yetu ukitarajia zambarau ya kupendeza, mara nyingi unapata kitu kama tope la masika. Majenta, kwa kuwa inameza kijani peke yake, ndiyo inayokupa zambarau safi ikikutana na buluu. Lakini nani ana kikopo cha majenta darasa la tatu?

Hilo tope ndilo lililonishikisha kalamu. Mtoto wa jirani yangu, binti wa miaka tisa, alirudi kutoka shule moja hapa mtaani na karatasi yenye kosa la wino mwekundu. Zoezi lilikuwa kuchora viboksi, kupaka, na kuchanganya. Kwenye kiboksi cha nyekundu na buluu alipaka kile alichokipata, yaani tope, na chini yake akaandika kwa mwandiko wa mtoto mwaminifu: "kahawia nyeusi". Mwalimu akapiga kosa, akaandika pembeni "zambarau". Binti hakulia. Alichofanya mimi nakiona kibaya kuliko kulia: aliazima kalamu ya zambarau kwa kaka yake, akapaka juu ya lile tope mpaka likafichika kabisa, na kesho yake akarudi na vema.

Hebu tulitazame tendo hilo kwa utulivu. Mtoto alikuwa na ushahidi, tena ushahidi wa mikono yake mwenyewe, ukiwa bado mbichi kwenye karatasi. Ubao ukasema kitu kingine. Akajifunza kwamba mkono ukigombana na ubao, basi mkono unapaswa kubadili maneno. Jambo hilo halimo katika muhtasari wa somo lolote, lakini ndilo alilofaulu siku ile. Na kesho kutwa tutamshangaa akiwa mtu mzima, karani mahali fulani, anaona hesabu hazikubaliani na anaweka sahihi tu, kwa kuwa bosi kasema zinakubaliana.

Simlaumu yule mwalimu kama mtu. Darasa limejaa, brashi ni mbili, rangi yenyewe kaichanga kutoka mfukoni mwake, na hata yeye alifundishwa hivyo hivyo na mtu aliyefundishwa hivyo hivyo. Kumrushia mawe ni kazi rahisi, na mimi sina haja nayo.

Tumsikilize badala yake yule anayeutetea ubao, kwani hoja yake ina uzito. Atasema: kila elimu huanza kwa kupunguza. Darasa la kwanza tunamwambia mtoto kwamba kwenye tatu huwezi kutoa tano. Akikua anaambiwa unaweza, na jibu ni hasi mbili. Tunamwambia dunia ni mviringo kama chungwa, na huku imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Je, na walimu hao wote ni waongo? Mtoto mchanga humpi ugali, unampa uji.

Nakubali habari ya uji. Ila uji ni chakula kile kile kimelainishwa. Mtoto mwenye maembe matatu kapuni akijaribu kutoa matano atashindwa leo, atashindwa kesho, na atashindwa hata akiwa profesa. Alichoambiwa ni kweli ndogo inayokaa ndani ya kweli kubwa bila ugomvi, na akitaka kuihakiki kwa maembe, itahakikika. Sasa linganisha na ile ya nyekundu na buluu. Hiyo inavunjika siku ile ile, katika kibati kile kile, mbele ya macho yake. Kwangu mimi mpaka upo hapo. Mwalimu anaruhusiwa kumpunguzia mtoto ukweli kadiri anavyotaka, mradi mtoto akishuhudia kinyume chake asikatazwe kusema. Akikatazwa, basi hatujampunguzia chochote, tumemnyang'anya.

Mtu ataniuliza, basi tufanyeje? Tumsubirishe mtoto mpaka ajue fizikia ya mwanga? Hapana, bwana. Pendekezo langu ni la kizamani kabisa. Tuache kuanza na kuchanganya rangi. Tuanze na kuzipanga. Somo la rangi lianze na nakshi.

Nina sababu zangu. Rangi zikishaingia kibatini hazitoki tena. Kilichotokea kimetokea, na mtoto aliyekosea hawezi kuona alikosea wapi. Kwenye nakshi kila rangi inabaki na uso wake. Unaweza kuihamisha, ukaiweka jirani na nyingine, ukaitazama, ukairudisha. Tena nakshi ina tabia ya kujirudia, na kujirudia huko kunafanya kazi kubwa ambayo mwalimu hahitaji hata kuitaja. Mtoto anayepanga nyekundu, nyeupe, nyeusi, nyekundu, nyeupe, nyeusi mpaka mwisho wa ukurasa amerudia jaribio lile lile mara kumi na tano. Mwanasayansi hufanya nini zaidi ya hapo? Na kama mahali fulani katikati kaweka kipande cha kijani kimakosa, jicho litampeleka pale lenyewe, bila mwalimu kunyoosha fimbo.

Tena wenyewe tunazo shule za jambo hili, ila hazina ubao. Nenda Pemba, nenda Lamu, nenda vijiji vya Tanga ukakae na mama anayesuka mkeka. Anakausha makuti ya ukindu au miyaa, anayachana vipande vyembamba, anachemsha vingine katika sufuria ya rangi ya unga iliyonunuliwa dukani, vingine anaviacha na weupe wake wa asili. Halafu anasuka ukili, mrefu kama njia, na kili zikitosha anazishona pamoja hadi mkeka unatimia. Nakshi yote iko katika kuhesabu: vipande vingapi vya rangi hii viruke vingapi vya ile. Mama huyu anajua kwamba ukipishanisha vipande vyembamba vya nyekundu na vya manjano, ukiwa mlangoni utaona kama chungwa, na ukisogea kukaa vitaachana tena kila kimoja na lake. Anajua kwamba zambarau ikibanwa na nyeusi inapotea, na ikipewa mstari wa weupe pande zote mbili inaamka. Hakuna rangi hata moja iliyochanganywa. Zote ziko kama zilivyotoka sufuriani. Kilichobadilika ni majirani.

Sasa, wapo wasomi watakaocheka wakisikia nadharia ya rangi inapelekwa kwa msuka mkeka. Nawaomba wasicheke haraka, maana nadharia yenyewe ilitoka huko huko. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika karakana ya Gobelins jijini Paris, palipofumwa mapazia ya ukutani ya wakubwa. Akaletewa malalamiko: nyuzi nyeusi hazina weusi, zimepauka. Mtu wa maabara angefanyaje? Akapima rangi. Akalinganisha nyuzi zake na za mahali pengine. Nyuzi zilikuwa nzima! Ubaya haukuwa sufuriani hata kidogo. Nyeusi zile zilikuwa zimefumwa jirani na buluu na urujuani, na jirani hao ndio waliokuwa wakizipunguzia nguvu machoni mwa mtazamaji. Chevreul akaliandikia kitabu kizima jambo hilo, kikatoka 1839, na wachoraji wakakisoma kwa miaka mingi baadaye. (Mzee huyu alizaliwa 1786 akafariki 1889, ana miaka 102. Sijui kama rangi zilichangia.) Kwa hiyo maarifa yaliyomo katika vitabu vinene yalipatikana kwa mtu msomi kukubali kwenda kutazama kazi ya wafumaji, na kuamini alichokiona kuliko alichotarajia.

Baada yake alikuja Josef Albers, Mjerumani aliyefundisha katika shule ya Bauhaus kisha akahamia Marekani mwaka 1933. Huyu wanafunzi wake wa somo la rangi hakuwapa brashi kwanza. Aliwapa vipande vya karatasi za rangi, mabaki, hata majani makavu, akawaambia wapange. Zoezi lake moja mashuhuri lilikuwa kuifanya rangi moja ionekane kama mbili. Alitaka macho yatangulie na maelezo yafuate. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1963, na wanafunzi wake walikuwa watu wazima wa vyuo vikuu, lakini zoezi lenyewe mtoto wa miaka minane analiweza kwa gundi ya uji.

Niseme jinsi ninavyoliona darasani, ili nisiambiwe naongea falsafa za barazani. Chukua trei la mayai, lile la kijivu. Kata vipande viwili vidogo vilivyolingana. Tandika kanga mbili mezani, moja yenye mji mwekundu, nyingine kijani. Weka kipande kimoja huku na kingine kule, kisha waulize watoto: rangi hizi ni moja au mbili? Darasa litagawanyika. Wapo watakaokumbuka kwamba wameviona vikikatwa kwenye trei moja, watasema moja. Wapo watakaoyaamini macho: kilicho juu ya nyekundu kimeingia ukijani kidogo, na kilicho juu ya kijani kimeanza kuona haya, kimekuwa kama pinki. Hapo mwalimu anyamaze. Anyamaze kabisa! Awaache wabishane, wasogeze, wabadilishe, wavikutanishe vipande katikati. Kisha kila mtoto akate vyake, apange safu ndefu, mnyororo wa kijivu unaopita juu ya nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, aone kijivu kimoja kinavyobadilika hatua kwa hatua. Baadaye wapige chapa: bamia likikatwa kwa upana linatoa ua lenye pembe tano, kongoni la mgomba linatoa wavu, kiazi kinakubali umbo lolote utakalochonga. Rangi mbili zinatosha wiki nzima.

Na siku ya kuchanganya ikifika, ije nayo, lakini ije kama swali. Tukichanganya hizi tutapata nini? Andikeni mnachodhani. Haya, changanyeni. Andikeni mlichopata. Aliyepata tope aandike tope. Siku nyingine mwalimu alete manjano ya jikoni, ile bizari ya kutia katika mchuzi, aikoroge na maji, kisha anyunyizie magadi. Itageuka wekundu papo hapo, na hakuna aliyetia nyekundu! Kila aliyewahi kumwagikiwa mchuzi kwenye shati jeupe akaliparamia kwa sabuni anaijua miujiza hiyo. Watoto watauliza imetoka wapi. Hilo ni swali la kemia, na halitajibiwa siku ile, lakini limeshaulizwa na mtu aliyeliona.

Kuna jambo jingine linalonisumbua, nalo ni la lugha. Mtoto wetu haji shuleni akiwa mtupu wa rangi. Kiswahili kina maneno matatu tu ya rangi yanayokubali kuvaa vazi la ngeli: tunasema kitambaa cheupe, cheusi, chekundu; shati jeupe, jeusi, jekundu. Zilizobaki zote tunazifunga kwa kamba ya "ya": shati la kijani, la kijivu, la zambarau, la kahawia. Na kila moja imebeba asili yake mgongoni. Kijani ni cha majani, kijivu ni cha majivu, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, samawati ni mbingu ya Waarabu, na buluu tumeitoa kwa Mwingereza. Ukiwasikiliza bibi zetu utapata na chanikiwiti, na damu ya mzee, na mtu wa rangi ya maji ya kunde. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa utafiti wao juu ya majina ya rangi ulimwenguni, na Kiswahili kilikuwa kati ya lugha 20 walizozipima kwa vibao vya rangi. Walidai kwamba lugha ikiwa na majina matatu tu ya msingi, basi matatu hayo ni nyeupe, nyeusi na nyekundu. Wengi wamewapinga katika mengi, lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali: itazame kanga ya kisutu, ile inayovaliwa harusini huku Pwani. Nyeupe, nyeusi, nyekundu. Basi!

Kwa hiyo kama ni suala la misingi mitatu, mtoto anayo misingi mitatu tangu nyumbani, tena haifanani na ile ya ubaoni. Sisemi kwamba ya bibi ndiyo sahihi na ya ubaoni ni ya wakoloni. Hiyo nayo ingekuwa kukariri, ila kwa fahari zaidi. Nasema kwamba neno "msingi" halina maana mpaka uulize: msingi wa kufanya nini? Wa kuchapa gazeti? Wa kuwasha kioo? Wa kusuka? Wa kuitana majina? Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta za kwenye makopo, zile za kupakia baiskeli. Msingi wake ulikuwa kile kilichokuwepo dukani. Alifariki 1972, na picha zake na za waliomfuata zimezunguka dunia.

Hapa nigusie na lile neno "haziendani". Mwalimu anamwambia mtoto: nyekundu na kijani haziendani, futa. Ndani ya kauli hiyo kuna mambo mawili yamefungwa khanga moja. La kwanza ni kweli, na kila mtoto anaweza kulihakiki: nyekundu kali na kijani kali zikigusana, mpaka kati yao unacheza machoni, haukai. Kodolea macho kitambaa chekundu kwa nusu dakika, kisha tazama ukuta mweupe, utaona kivuli cha kijani kilichoingia ubuluu kinaelea pale. Jicho lenyewe lilichoka na wekundu, likajitungia mwenziwe. Hayo ni mambo ya jicho. La pili, kwamba kucheza huko ni kubaya, ni mapenzi ya mwalimu tu. Mtengeneza kanga anaweza kukutafuta huko kucheza makusudi ili kanga imwite mnunuzi kutoka ng'ambo ya barabara. Mwalimu ana haki ya kuwa na mapenzi yake, na hata kuyatamka. Ninachomnyima ni ruhusa ya kuyatamka kwa sauti ile ile anayotamkia mambo ya jicho. "Mimi sipendi" ni sentensi fupi, haigharimu chaki nyingi.

Tena yupo mtoto mmoja ambaye kwake jambo hili si mjadala. Katika darasa kubwa anaweza kuwapo mvulana asiyetofautisha vyema nyekundu na kijani. Ni wavulana zaidi kuliko wasichana, kwa kuwa hali hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Mwingereza John Dalton, mwanasayansi mkubwa, alikuwa hivyo, na mwaka 1794 alisimama mbele ya wenzake akaeleza namna yeye anavyoona. Alikuwa na umri wa miaka 28 na alikuwa na maneno. Mvulana wetu ana miaka minane na hana. Anachojua ni kwamba wenzake wanapata vema na yeye anapata kosa, na akiulizwa kwa nini kapaka nyasi rangi ya udongo hana la kusema, anaonekana mkaidi au mjinga. Kwenye nakshi mtoto huyu anajitokeza mapema, tena bila aibu, maana anapanga kwa giza na mwanga: kipande kizito, chepesi, kizito, chepesi. Nakshi yake inasimama barabara. Mwalimu mwenye macho atagundua kwamba huyu anahesabu kitu kingine, na badala ya kosa, kutakuwa na mazungumzo.

Limebaki gumu moja ambalo silimalizi. Mtihani. Tuseme binti wa jirani yangu kafundishwa kwa nakshi, kaona, kaamini mikono yake. Mwisho wa muhula linakuja swali: taja rangi tatu za msingi. Akiandika "msingi wa kufanya nini?" anapata sifuri, na sifuri hiyo ni yake, si yangu mimi ninayeandika magazetini. Nimewauliza walimu wawili ninaowafahamu. Mmoja alisema angewaambia watoto waziwazi: mtihani unataka nyekundu, manjano na buluu, andikeni hivyo, na nyinyi mnajua mlichokiona. Wa pili alikataa katakata. Alisema huko ni kumfundisha mtoto kuwa na ndimi mbili akiwa bado na meno ya utoto, na kwamba bora umwache akariri kwa moyo mmoja kuliko kumgawa. Nimekaa na majibu hayo mawili kwa muda sasa. Naegemea kwa yule wa kwanza, kwa kuwa mwanafunzi wake angalau anajua lipi ni la karatasi na lipi ni la mkono. Lakini kila nikitaka kumwambia yule wa pili kwamba amekosea, nakumbuka kalamu ya zambarau iliyoazimwa kwa kaka, na sipati la kumwambia.